Wifi Yangu ni Nato

Swali lenyewe lilikuwa la maneno matatu tu. "Onko sinulla sisaruksia?" Mwalimu aliniuliza huku akitabasamu, kama mtu anayekuuliza umeshakunywa chai. Maana yake: una ndugu? Nikajisemea, leo nimepata, hili halinishindi. Nikaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Tumbo la mama yangu, wanne bila mimi. Wa baba kwa mke mwingine, wanne. Wa baba mkubwa, saba, na wawili kati yao walilelewa kwetu, tukilala kitanda kimoja mzungu wa nne mpaka nilipomaliza darasa la saba. Wa baba mdogo, sita. Wa mama mkubwa, wanane. Wa mama mdogo, wawili, maana alichelewa kuolewa. Nikajumlisha, nikajibu kwa sauti ya mtu anayeongoza darasa: "Minulla on kolmekymmentäyksi."

Ninao thelathini na mmoja.

Darasa zima likanyamaza. Mwalimu akaniuliza kwa upole kama labda nilikuwa nataja umri wangu.

Nilifika Tampere mwaka 2021 nikitokea Tanga, nikimfuata mume. Tampere ni mji wa Ufini uliokaa katikati ya maziwa mawili, na kwa miezi kadhaa ya mwaka maziwa yote mawili unaweza kuyavuka kwa viatu. Kabla sijaja nilionywa mambo mengi. Nilionywa baridi. Nilionywa giza la Desemba, kwamba saa kumi alasiri utadhani ni saa nne usiku. Nilionywa hata kwamba lugha yao ina hali kumi na tano za nomino, yaani neno moja lina mavazi kumi na tano na hujui litatokea limevaa nini. Hakuna hata mmoja aliyenionya kuhusu ukoo. Kila mtu alidhani mama ni mama, baba ni baba, dada ni dada, popote uendapo.

Basi siku ile mwalimu akachora mti ubaoni. Shina, matawi, na chini kabisa kijumba kimoja kilichoandikwa "mimi". Akanieleza kwamba sisarukset ni wale tu ambao nimechangia nao wazazi. Wa baba kwa mama mwingine wana jina lao: sisko akiongezewa neno puoli, yaani dada nusu. Na wale wa baba mkubwa, baba mdogo, mama mkubwa na mama mdogo, wote ishirini na watatu, akawasomba kwa chaki yake akawatupa tawi la mbali kabisa. Hao, akasema, ni serkku. Binamu.

Binamu! Watoto wa baba mkubwa! Nilimtazama yule mwanamke nikafikiria ningempeleka Tanga awaambie yeye mwenyewe, uso kwa uso. Mtu niliyemnyoa nywele, aliyenibeba mgongoni nilipokanyaga msumari, leo awe tawi la mbali kwa sababu ya mti uliochorwa na mtu asiyemjua! Pembeni yangu alikaa dada mmoja wa Kisomali. Akaniinamia akanong'ona kwamba kwao mama mdogo ana jina lake kamili, habaryar, na maana yake ni hiyohiyo, mama mdogo. Nyuma yetu alikuwapo mama wa Kikongo kutoka Bukavu, ambaye wakati wa kahawa huwa tunazungumza naye Kiswahili, kila mtu cha kwao. Huyo hakunong'ona. Alifyonza. Mfyonzo ule ulikuwa na sarufi sahihi kuliko kila kilichosemwa mle ndani siku hiyo.

Hata neno lenyewe sisarukset lina hila. Ndani yake mmekaa sisar, yaani dada, ila linawabeba na wanaume. Kaka zangu, watu wenye ndevu na leseni za kuendesha malori, wameingizwa wote chini ya dada, na hakuna aliyewauliza.

Tuje kwenye hesabu. Kaka ni veli. Kaka wawili ni kaksi veljeä. Usiniulize ile j imetoka wapi, mimi niliuliza nikaambiwa neno hili ni "la zamani", na Ufini hilo ni jibu linalojitosheleza. Hiyo hali ya neno inaitwa partitiivi, hali ya sehemu ya kitu, ileile unayoitumia ukitaka maziwa kidogo au sukari kidogo. Kwa hiyo kaka mmoja ni mtu mzima kabisa, lakini wakishakuwa wawili lugha inawahesabu kama maziwa. Nikaikubali. Nikakariri: kaksi veljeä, kolme veljeä, neljä veljeä. Halafu nikaingia maktaba nikakuta riwaya yao kubwa kuliko zote, ya Aleksis Kivi, iliyotoka mwaka 1870, na jina lake ni Seitsemän veljestä. Siyo veljeä. Veljestä! Kwa sarufi niliyokuwa nayo mkononi hiyo ilisomeka "saba kutoka kwa kaka". Nikaipeleka kwa mwalimu kama mtu aliyekamata noti bandia. Akanieleza, bila haya, kwamba kuna neno lingine, veljekset, la kaka ambao ni ndugu wao kwa wao, na hilo lina mavazi yake tofauti.

Nikaambiwa kisa kilichomo. Ndugu saba wanapelekwa kwa karani wa kanisa kufundishwa kusoma, alfabeti inawashinda, wanavunja dirisha wanakimbia, na mwisho wanahamia msituni. Sijapata kuona watu ninaowaelewa kama wale. Na wale walikuwa Wafini wenyewe, lugha wamenyonya ziwani.

Sitaki kuwa mchoyo. Kuna siku moja nilishinda. Ilikuwa siku ya viwakilishi, na mwalimu aliandika ubaoni neno moja tu: hän. Akasema huyu ni mwanamume, na huyu ni mwanamke, neno ni hilohilo. Wenzangu waliozoea lugha zenye kugawa watu wa kike na wa kiume wakaanza kuinua mikono kwa wasiwasi. Watajuaje nani anasemwa? Mimi nikakunja mikono. Yeye ni yeye. Watoto wa kwetu Tanga wanalijua hilo kabla hawajaota meno. Na kama haitoshi, Wafini nao wanabandika umiliki nyuma ya neno la ukoo: veljeni ni ndugu yangu, veljesi ni nduguyo, veljensä ni nduguye. Nduguye! Nilitaka kulia kwa furaha. Nikaenda nyumbani nikamwambia mume wangu veljesi, veljesi, kutwa nzima. Akaniambia hakuna anayezungumza hivyo, hayo ni ya vitabuni. Mtaani watu husema "sun veli" basi.

Na huko mtaani kuna jambo baya zaidi. Huko mtaani hän hawamtumii sana. Husema se. Sasa se ni kile, ni hicho, ni neno la meza na ndoo. Mume wangu anamzungumzia baba yake mzazi: kimeamka, kimekwenda dukani, kimerudi. Halafu huyohuyo anamgeukia mbwa wake, anamkuna masikio, anasema hän amechoka leo, hän hajalala vizuri. Mbwa yuko ngeli ya watu na baba mkwe yuko ngeli ya vyombo. Na baba mkwe mwenyewe anaitikia kwa kichwa, anamsikitikia mbwa.

Upande wa wajomba, nakiri, wana akili. Kaka wa baba ni setä, kaka wa mama ni eno. Hawawachanganyi, kama sisi tusivyowachanganya, ingawa kwa mtu aliyekulia kwetu ni shida kidogo kumwita mzee wa watu Eno wakati unajua Eno ni ule unga wa kukoroga kwenye maji baada ya pilau. Wenye lugha nyingine darasani walilalamika: kwa nini majina mawili kwa mjomba mmoja? Nikawaambia tulieni, hapa wenzetu wamefikiri.

Nilisema hivyo kabla sijageuza ukurasa. Ukurasa wa pili ulikuwa wa wanawake, na hapo kufikiri kulikuwa kumekwisha. Dada wa baba ni täti. Dada wa mama ni täti. Mkubwa, mdogo, wa kuumeni, wa kukeni, gunia moja. Nilirudia kusoma nikidhani karatasi imekosewa. Shangazi na mama mdogo neno moja? Shangazi ni baba aliyevaa kanga. Shangazi ndiye anayeingia na mkoba wake siku ya kutolewa posa, na mahari haitajwi mpaka akae, na akikohoa wazee wa kiume wanageuka. Mama mdogo ni mtu mwingine kabisa. Mama mdogo ndiye uliyemkimbilia ulipofeli, aliyekuficha ndani akamwambia mama yako hajakuona. Ukimpelekea shangazi siri ya mama mdogo, umekwisha. Sasa katika Kifini ninaandika "täti alikuja" na hakuna anayejua kama nimeokoka au nimekamatwa.

Nikajaribu kutengeneza dawa mwenyewe. Tulipewa zoezi la kumwelezea mwanafamilia, nikamchagua mama mkubwa. Nikakata neno vipande: iso ni kubwa, äiti ni mama. Isoäiti. Safi. Nikaandika kwamba isoäiti wangu ana miaka 52, anauza vitumbua, na watoto wake wanane ni ndugu zangu. Kumbe isoäiti ni bibi. Mzaa mama au mzaa baba. Mwalimu aliketi pembeni yangu na kalamu nyekundu, akajaribu kwa dakika nzima kuelewa bibi wa miaka 52 ambaye watoto wake ni ndugu wa mjukuu wake. Nikajitetea kwa kumtaja baba mdogo, nikamwita pikkuisä, kibaba kidogo. Neno hilo halipo. Mwalimu alidhani mama yangu kapata kijana.

Fomu nazo zikanikuta hivyohivyo. Perhe ni familia, nayo maana yake ni watu walio nyuma ya mlango mmoja: mume, mke, watoto, na yule mbwa. Wengine wote ni suku, ukoo. Hilo nililishika. Sasa nikapewa karatasi katika ofisi moja, ina mstari ulioandikwa "sukupuoli". Nikaikata kama kawaida yangu. Suku, ukoo. Puoli, upande, na ni nusu pia, lakini nikasema upande. Upande wa ukoo. Nikaandika: "Tanga, upande wa mama." Sukupuoli ni jinsia. Walitaka kujua kama mimi ni mwanamke.

Na sasa wale wa ukweni, ambao ndio hasa walionileta kwenye malalamiko haya.

Mama mkwe ni anoppi. Neno jepesi, nililishika siku moja. Kilichonitia aibu ni kitenzi. Kifini hakichezewi katika urefu wa vokali; kuvuta na kutovuta ni mambo mawili tofauti. Tapaan, ukiivuta ile a, ni "ninakutana na". Tapan, usipoivuta, ni "ninaua". Ijumaa moja mwalimu akazunguka darasani akiuliza kila mtu atafanya nini Jumamosi. Wenzangu wakasema wataogelea, watafua, watalala. Zamu yangu ikafika, nikasema kwa uchangamfu: "Lauantaina tapan anopin."

Kesho namuua mama mkwe.

Mwalimu alikaa kimya kama Wafini wanavyojua kukaa kimya. Kisha akasema, "Toivottavasti et." Natumaini hutafanya hivyo. Akaenda kwa mtu wa pili.

Nilikutana naye, na yu hai. Tatizo likawa nimwiteje. Kwetu mavyaa haitwi jina, hata ukilijua unajifanya hulijui. Nilipomwamkia kwa adabu zangu zote, mikono miwili, magoti yakiwa yameinama, akanishika bega akanisimamisha kama mtu aliyeteleza, akaniambia nimwite kwa jina lake la kwanza. Jina lenyewe ni la silabi mbili. Ulimi wangu uligoma. Nikamwuliza mume, siwezi kumwita Anoppi? Akacheka mpaka akakaa chini. Anoppi, akasema, ni neno la kumweleza mtu, hulitumii kumwitia. Ni kama kumwita mtu "Daktari wa meno" ukiwa jikoni.

Ndipo nikaanza kuelewa nilivyopunjwa. Maneno yale yote, baada ya kuwavuka wazazi na mabibi, ni ya kuandika na kueleza. Watoto wadogo husema täti fulani na setä fulani, na wengi wakikua wanaacha. Hakuna anayeingia mlangoni akasema, "Hodi, käly!" Nimekesha nakariri lanko, käly, miniä, vävy na appi, kumbe nilikuwa nakariri lebo za chupa. Dada kwa dada wanaitana majina. Mdogo anamwita mkubwa wake jina, mbele za watu, na hapigwi kofi. Mama yangu kwenye simu aliuliza salamu ya baba mkwe wa miaka 74 ni ipi. Nikamwambia "Moi". Akauliza, na yeye anajibuje? Nikamwambia "Moi". Akanyamaza muda mrefu, halafu akaniuliza kama nakula vizuri.

Kwa hiyo miaka mitatu mizima sikumwita mavyaa wangu chochote. Nikitaka kumsemesha nilikuwa nakohoa. Akiwa chumba kingine, nilikuwa naondoka mzima mzima, nakwenda kusimama mbele yake, nasubiri anione. Nadhani aliamini nina kifua.

Mtu wa kwanza nchini humu kunipa cheo cha ukoo alikuwa mtoto wa miaka mitatu ndani ya basi. Nilikuwa kwenye simu ya video na kaka yangu, mtandao unakatika, nami napaza sauti: "Kaka! Kaka, wanisikia? Kaka!" Mtoto aliyekaa mbele yangu akafumbua macho kwa furaha isiyo kifani, akamvuta mama yake: "Äiti, toi täti sano kakka!" Mama, yule täti kasema mavi. Ndiyo, kwa watoto wao kakka ni kinyesi. Lakini mie nilisikia neno moja tu: täti. Shangazi! Mtoto wa watu, hanijui, kaniita shangazi hadharani! Moyo ukanijaa. Nikataka kumtafutia peremende mkobani. Mama yake akawa mwekundu, akaniomba radhi mara mbili. Nikamwambia hapana, neno lile ni kosa langu, si lake. Akasema haombi radhi kwa lile. Anaomba radhi kwa "täti", kwa sababu bado mimi ni kijana.

Sasa nifike kwa wifi. Mume wangu ana dada mmoja, na kwa Kifini cha leo ni käly, neno ambalo pia ni la mke wa kaka, na hata dada yangu, kwa mume wangu, ni käly. Nimelizoea. Lakini yuko bibi yao mmoja wa miaka tisini na moja, ambaye anazungumza Kifini cha zamani, na huyo ndiye peke yake katika ukoo mzima tunayeelewana. Majira ya baridi ya mwaka 2023 aliniketisha akanieleza kwamba zamani wanawake walikuwa na maneno yao. Kaka wa mume alikuwa na jina lake, kyty. Na dada wa mume, huyo ambaye sisi ni wifi, aliitwa nato.

Nilimkumbatia. Neno la wifi, la mwanamke kwa mwanamke, lipo! Nikaliandika kwenye daftari kwa wino mwekundu. Miezi miwili haikupita, tarehe 4 Aprili 2023, mwalimu akaingia darasani akasema kwa sauti ya siku kubwa: "Suomi on nyt Naton jäsen." Nikaelewa: Ufini leo ni mwanachama wa wifi.

Wallahi nilicheka peke yangu, si kwa ubaya; ilinichukua dakika nzima kunyamaza. Baadaye nikagundua wanatofautishwaje. Wifi akipewa umiliki, t yake inalainika, anakuwa nadon. Ule muungano wa kijeshi haulainiki, unabaki Naton. Hii ndiyo kanuni pekee ya sarufi ya Kifini ambayo sijawahi kuisahau. Nami nani wa kuwacheka, wakati kwetu wifi naye ndiye anayeleta mtandao? Niliwahi kumpigia mama nikamwambia wifi haifanyi kazi tangu asubuhi. Laini ilikuwa mbaya. Akanijibu, kama hafanyi kazi si kaka yake yupo, amtafutie.

Lile neno la pili, kyty, niliona ni akiba nzuri, nikaliweka kwa ajili ya sherehe. Juni ya mwaka uleule mtoto wa kaka wa mume alimaliza sekondari, akavaa kofia yake nyeupe, na ukoo wote ukaja kula ile keki yao ya mkate yenye samaki juu. Nikasema leo nitawaonyesha. Nikamshika shemeji yangu mkono, nikamtambulisha kwa wageni: "Tämä on minun kyttä." Kyttä si kyty. Kyttä ni askari polisi, kwa lugha ya mitaani tena, kama sisi tunavyosema njagu. Mzee mmoja akamwuliza shemeji tangu lini kaacha kazi ya umeme.

Mume wangu, kwa upande wake, hajateseka hata siku moja. Na hana kisingizio, maana wenzake Kiswahili wamekishughulikia zamani: Profesa Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza kukichambua kwa kompyuta miaka ya 1980. Mume hakusoma hata ukurasa. Tulikwenda Tanga likizo, akashuka kwenye basi, dereva wa bajaji akamwita shemeji. Muuza madafu, shemeji. Kijana wa vocha, shemeji. Siku ya tatu akaniuliza, huku uso umempauka kidogo, mimi nina kaka wangapi hasa. Nikamjibu kama nilivyomjibu mwalimu. Siku ya nne alikuwa anajibu, "Poa, shemeji," na mji mzima ukawa wake. Neno moja! Mimi nina daftari tatu.

Mwaka jana nilijifungua, na mama akaja kunilea. Tulikwenda uwanjani kumpokea, mimi, mume, mtoto kwenye kiti chake, na mavyaa wangu, ambaye alisisitiza kuja na alivaa koti lake zuri. Njia nzima nilikuwa na homa. Watu hawa wawili nitawatambulishaje? Kifini cha kumweleza mama wa mke kwa mama wa mume sikukikuta daftarini, na bibi wa miaka tisini na moja tulimwacha nyumbani.

Mama hakusubiri. Alitokea mlangoni na kanga juu ya sweta, akamwona yule mwanamke mrefu mwenye mvi, akaacha toroli likaenda lenyewe, akafungua mikono: "Mkwe! Mkwe wangu jamani!" Akamkumbatia mpaka koti likapinda. Mavyaa wangu, ambaye sijawahi kumwona akikumbatiwa na mtu asiye wa nyumbani kwake, akasimama wima, halafu taratibu akaweka mkono mmoja mgongoni mwa mama. Akajitaja jina lake. Kisha akamwonyesha mama kwa kidole, akarudia kwa uangalifu, kama mtu anayejifunza jina la mgeni: "Mkwe."

Alidhani ndilo jina lake. Sikumsahihisha. Kwa miezi mitatu aliita Mkwe jikoni, Mkwe sauna, Mkwe njoo unywe kahawa, na kila mara alikuwa sahihi. Desemba alimtumia kadi ya Krismasi Tanga, imeandikwa "Rakas Mkwe", Mkwe mpendwa.

Mie, mkaza mwana wake wa halali, bado ananiita kwa jina, kama tuliosoma pamoja.